Mnara Uliozikwa Fukayosi

Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa Kamati ya Kuhamisha Mnara, na kabla hujaniuliza, nilichaguliwa kwa sababu mimi peke yangu nilikuja kikaoni na kalamu. Pale kwetu Kijitongo, mji mdogo wa pwani kaskazini ya Bagamoyo, vyeo hupatikana hivyo. Aliyekuja na kiti akawa mwenyekiti. Sifanyi mzaha. Mzee Bahadurali, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ana mgongo mbovu na hatembei bila kiti chake cha kukunja. Alipokikunjua mbele ya ukumbi, watu wakapiga makofi, na kazi ikawa imekwisha.

Mnara wenyewe ulikuwa jiwe moja refu kumshinda mtu mzima kidogo, limesimama mbele ya stendi. Wajerumani waliorudi kwenye mashamba ya mkonge walilisimamisha miaka ya thelathini, kumkumbuka kapteni wao aliyekufa katika ile vita kuu ya kwanza. Waliandika kwamba alikuwa shujaa, na rafiki wa wenyeji. Rafiki huyo, kwa tulivyosimuliwa na wazee wetu, alichoma vijiji viwili na kubeba mtama wote uliokuwa ghalani.

Vijana wakasema jiwe ling'oke. Watembeza wageni wakasema libaki, maana Wazungu hulipiga picha. Wauza chipsi nao wakasema libaki, kwa kuwa ndiko walikofunga kamba za maturubai yao. Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Kwa mwaka mzima jiwe lilipakwa rangi nyekundu mara mbili na likaoshwa mara tatu, na ile mara ya tatu mpaka leo sijui nani aliliosha wala kwa nini.

Halafu Mtendaji wa mji akapata habari kwamba Jumamosi atakuja mkubwa kutoka mkoani kuzindua stendi mpya. Akatuita.

"Ijumaa jioni nisilione," alisema. "Mkilipatia kijiji cha kulipokea, lipelekeni. Mkikosa, mkandarasi ana mashine ya kusaga. Linakuwa kokoto za stendi."

Tuliandika barua vijiji vitatu. Makurunge walijibu kwamba ardhi yao ni ya mazao, na Mjerumani haoti. Saadani walijibu kwamba wao tayari wanasumbuliwa na nyani na tembo, na hawaoni sababu ya kuongezewa kapteni. Fukayosi hawakujibu kabisa. Kamati ikakaa, ikatafakari, ikaamua kwamba asiyejibu hajakataa. Niliandika uamuzi huo kwa mkono wangu, na ninauonea haya mpaka sasa.

Lakini mimi nilikuwa na langu moyoni, na bora niliseme hapa.

Miezi mitatu nyuma nilitumwa kulipima lile jiwe. Nilibandua matangazo ya waganga na ya vyumba vya kupangisha yaliyokuwa yamejaa upande wa nyuma, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, nikakuta jina. Mwinyimvua, mpagazi, 1917. Basi. Mbele kapteni na sifa zake mistari tisa, nyuma mtu mmoja mstari mmoja, na mtu huyo, Mzaramo kama sisi, ni babu yake bibi yangu.

Bibi yangu, Bi Batuli, ana miaka themanini na moja. Mama yake alikuwa bado tumboni Mwinyimvua alipokamatwa shambani na kutwishwa mizigo ya vita. Hakurudi. Hakuna aliyeleta habari, hakuna aliyeona maiti, hakuna matanga yaliyokaliwa. Nilipomwambia bibi kwamba jina lake liko kwenye jiwe la stendi, hakulia. Aliniuliza lina urefu gani, na kama limechongwa vizuri. Kisha akasema neno moja, na hakulibadilisha tena.

"Lisisagwe, Shamsia. Wampeleke wanakotaka, lakini lisisagwe."

Kwa hiyo mnaelewa. Kwa wengine lilikuwa jiwe la mkoloni. Kwa bibi ndiyo barua pekee iliyowahi kuletwa kutoka kwa babu yake, na ikifika Ijumaa jioni watu wataikanyaga kwa magurudumu ya mabasi.

Ijumaa asubuhi tukalipakia kwenye Fuso ya mzee Bahadurali. Mtendaji alikuwa ameagiza kwamba maandishi yasionekane njiani, yasije yakaleta taharuki. Maturubai ya mji mzima yalikuwa yamekodishwa kwa sherehe ya stendi, ndipo mzee Bahadurali akakimbilia dukani kwa mkewe, Bi Mehzabin, muuza vitambaa, akarudi na bafta nyeupe. Wakaliviringisha jiwe, kisha dereva, Kulwa, akalifunga kwa kamba sehemu tatu: juu, katikati na chini. Bibi akaleta mkeka wake likalazwa juu yake, lisikwaruzike, kisha akapanda mbele kwa dereva, akakataa kubaki. Mzee Bahadurali, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, alivaa kanzu na kofia. Mimi wakati huo nilikuwa natafuta mhuri. Lau ningeinua macho mara moja tu, ningeona tumetengeneza kitu gani.

Watu wa njiani waliona kabla yangu. Tulipokata kuingia barabara ya Msata, wanaume wakawa wanasimama wakivua kofia. Waendesha bodaboda wakapunguza mwendo. Nikafikiri, ama kweli watu wa huku wana adabu.

Tulifika Fukayosi saa nne na nusu. Kwenye kijiwe cha kahawa waliinuka wote kwa pamoja, vikombe vikabaki vinafuka moshi. Nikasikia "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un" ikipita kinywa hadi kinywa. Kabla Kulwa hajazima injini, vijana sita walishapita na majembe kuelekea makaburini.

Nisikilizeni vizuri, maana mjini watu hunicheka nikisimulia hapa. Kwetu pwani msiba hauulizwi kitambulisho. Maiti akifika kijijini, kwanza anachimbiwa kaburi, kisha watu wanauliza ni wa nani. Kuuliza kwanza ni ushenzi. Mzee Bahadurali aliteremka akiwa na barua yetu mkononi, tayari kueleza kwamba hili ni jiwe la historia. Mtu wa kwanza akamshika mkono: "Pole sana, mzee wangu." Naye, muungwana aliyezaliwa kwa waungwana, akajibu, "Tumeshapoa." Akaja wa pili, akajibu vilevile. Alipofika mtu wa thelathini barua ilikuwa imelowa jasho, na yeye macho yamemjaa machozi ya kweli.

Na mimi je? Mimi ni mwanamke. Nilinyakuliwa pale pale na akina mama, mimi na bibi, tukapelekwa nyumba ya mwanamke mmoja aitwaye Mwanamvua, jirani kabisa na makaburi, tukafunikwa kanga, tukapewa uji. Nilipofungua mdomo nieleze, bibi akanifinya paja.

"Nyamaza," akaninong'oneza.

"Bibi, wanachimba kaburi!"

"Naona. Kunywa uji."

Kule uwanjani wanane wakajipanga kumshusha marehemu. Hakushuka. Wakaja kumi na wawili. Marehemu kimya, hatikisiki. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini, ambayo sote barazani tuliisikia, kwamba mtu akiwa mzito hivi basi amedhulumu, na ingefaa wenye haki zao wajitokeze wamsamehe. Wakatazamana. Mwingine akasema yeye hamjui, lakini anamsamehe. Wakajaribu tena, ishirini sasa, na Fuso yenyewe ikaanza kuinuka upande.

Hapo akasogea Maalim Adamu, mwalimu wa madrasa na imamu wa kijiji. Alilitazama lile furushi kwa muda. Akainama, akabisha juu ya sanda kwa kiungo cha kidole. Ikalia ko, ko.

"Mzee," akamwambia Bahadurali kwa upole, "marehemu wenu amefariki lini?"

Mzee Bahadurali hajawahi kusema uongo siku ya Ijumaa. "Elfu moja mia tisa kumi na saba," akajibu.

Sitarudia maneno yote yaliyosemwa baada ya hapo, mengine yalikuwa ya Kikwere na ninamshukuru Mungu sikuyaelewa. Watu waliacha mashamba. Watu waliacha kahawa. Kijana mmoja alikuwa ameahirisha posa. Mzee Bahadurali alikunjua kiti chake akakaa katikati ya kelele zile, barua imemnata kiganjani, akisema samahani kwa kila aliyepita mbele yake, hata kwa mbuzi.

"Haya, ondoeni jiwe lenu," akasema Maalim Adamu baada ya watu kuchoka kufoka. "Lakini mmetuachia balaa. Kaburi limeshachimbwa."

Watu wakageuka kutazama makaburini. Hilo kila mtu alilijua, hata mimi. Kaburi likichimbwa halifukiwi tupu. Likiachwa wazi bila mtu, linaita mwingine, na halichagui. Dawa yake ni moja, kukata mgomba, kuulaza mle ndani, na kuufukia. Tayari mtu alishaondoka na panga kuufuata.

Nikahesabu kichwani. Mgomba unaingia kaburini, sisi tunageuza gari, saa kumi tuko Kijitongo, saa kumi na moja mashine inasaga. Nilimtazama bibi. Alikuwa ameshaliweka bakuli la uji chini na kusimama, na mimi sijawahi kumwona akisimama bila kusaidiwa tangu mwaka jana. Akaenda hadi ukingo wa baraza, akajifunga kanga vizuri kichwani.

"Maalim, shikamoo!" akaita. Imamu yule alikuwa hajafikisha hata miaka hamsini. Alishtuka kama aliyemwagiwa maji.

"La, bibi! Shikamoo mimi kwako!"

"Marahaba. Basi kama unanipa shikamoo, nipe na dakika." Akavuta pumzi. "Hilo jiwe lina mtu. Mbele ni Mjerumani, huyo simjui. Nyuma, chini, ni babu yangu Mwinyimvua. Mke wake alikuwa bibi yangu, Binti Mikdad. Waliomchukua mumewe hawakumwambia kafa wala kapona. Walikuja watu kumposa, akasema mimi ni mke wa mtu. Akaenda kwa kadhi aanze eda, kadhi akamwambia, nitakuhesabia kuanzia lini? Leta siku aliyokufa mume. Hakuwa nayo. Basi akakaa hivyo, si mke, si mjane."

Watu walisogea karibu na baraza. Hata yule wa panga alikuwa amerudi, mgomba begani, akasimama nao.

"Alikuwa akiuza samaki," bibi akaendelea. "Kila siku ya Mungu akitoka ufukweni alitua kapu lake kwenye hilo jiwe, apumzike. Mimi nilikuwa mtoto, nikimshika kanga. Akiegemea mgongo hapo hapo. Herufi za Kizungu hakuzijua, na nani angemsomea? Jiwe la Mzungu! Miaka thelathini, Maalim. Habari ya mumewe iko chini ya kapu lake, naye anauliza wageni wote waliotoka bara kama wamemwona. Amekufa anauliza." Akaunyooshea kidole ule mgomba. "Mnataka kuzika mgomba. Mgomba una nani? Mzikeni babu yangu."

Nilikuwa sijawahi kuisikia habari ya lile kapu. Niliona aibu kwa kila utani nilioufanya kuhusu jiwe lile, na nilikuwa nimefanya mwingi.

Maalim Adamu alikuna kidevu. Ni mtu wa elimu, na mtu wa elimu hapendi kuingizwa kwenye jambo ambalo halimo kitabuni. "Jiwe haliswaliwi," akasema hatimaye. "Hilo msahau. Mtu asiyekuwepo anaswaliwa swala ya ghaibu. Ila kwa madhehebu yetu, anayeswali awe alikuwa ameshabaleghe siku marehemu alipokufa." Akageukia umati. "Yupo hapa aliyebaleghe mwaka elfu moja mia tisa kumi na saba?"

Umati wote ukageuza macho kwa bibi.

"Msinitazame mimi!" bibi akafoka. "Mama yangu mwenyewe alikuwa hajaota meno!"

Mtu mmoja akacheka, akafuatiwa na wengine, na kicheko kile ndicho kilichotuokoa. Maalim akaamua: swala hakuna, dua ipo, na kaburi ni kaburi. Wakakata miti ya kuviringishia, jiwe likashuka kwenye Fuso na kusukumwa taratibu hadi makaburini, wanaume arobaini wakitoa takbira, na mzee Bahadurali nyuma yao amebeba kiti.

Mabishano yakaanza upya pale shimoni. Marehemu hulazwa kwa ubavu wa kuume, uso ukielekea kibla. Ubavu wa kuume wa jiwe ni upi? Na uso je? Mmoja alisema uso ni ule wenye maandishi mengi. Maalim akamkatiza kwamba huyo mwenye maandishi mengi si wetu. Wakakubaliana jiwe lisimamishwe kwa ubavu, jina la Mwinyimvua lielekee kibla, na kapteni aelekee huko kwingine, atajua mwenyewe.

Wakiwa wanazifungua zile kamba, tukasikia kishindo na sauti kutoka shimoni. Kulwa alikuwa ameruka ndani, amelala chali chini ya kaburi, mikono kifuani.

"Hazikwi mtu hapa!" alipiga kelele. "Mimi Msukuma! Huyu Mzaramo ni mtani wangu, kafa bila kuniaga! Miaka mia na zaidi namtafuta, kumbe kajificha nyuma ya Mzungu! Mzaramo gani huyu, hata mazishini anachelewa? Ngoma ilikuwa haijaisha? Leteni jogoo, la sivyo nizikeni naye!"

Kwa mila zetu mtani ana ruhusa ya kuzuia maziko kwa mzaha mpaka alipwe. Bibi alikuwa barazani, mita kama ishirini kutoka pale. Niliona mabega yake yakitikisika, nikadhani ndiyo machozi yamekuja. Alikuwa anacheka. "Toka humo, mla michembe ya viazi we!" akamjibu kwa sauti ambayo sikujua bado anayo. "Umezoea kulala mashimoni na ng'ombe wako!"

"Sitoki! Mtani wangu alikuwa mnene, kaburi limebana, nimelala nilipime!"

"Mpeni jogoo huyo, ananuka!"

Mwanamvua, mwenye nyumba, akamkimbiza jogoo wake mwenyewe hadi akamkamata, akapelekwa. Kulwa akatoka shimoni na jogoo kwapani, mavumbi mwili mzima, akaenda kusimama pembeni na kuinamisha kichwa. Kuanzia hapo sikumsikia mtu yeyote akisema jiwe. Watu hawataniani na jiwe. Walisema "mshusheni," walisema "taratibu, miguu yake," na wote walitupa udongo mara tatu kwa mkono kabla ya majembe kuanza. Maalim akasoma dua ndefu, na alipofika kwenye jina alilitamka lote, Mwinyimvua, kwa sauti ya juu, na watu arobaini wakaitikia amina. Jina lile halikuwa limeombewa dua mbele za watu tangu siku alipokamatwa.

Ndani ya nyumba Mwanamvua alimtandikia bibi mkeka wa katikati, mahali pa mfiwa. Wanawake wakaingia mmoja mmoja kumpa mkono. Mmoja, mgeni kidogo kwa habari zile, akauliza kama ilivyo desturi, "Na mjane yuko wapi, tumpe pole?"

"Mjane katangulia," bibi akajibu. "Hajui kama ni mjane."

Kisha akanyoosha miguu yake mkekani, akajifunika kanga usoni, na akaanza kulia. Alilia kilio cha mtoto mdogo, bila kujizuia, akisema, "Bibi, wamemleta. Bibi yangu, pumzika, wamemleta." Wanawake wa Fukayosi, ambao asubuhi hawakutujua, wakakipokea kile kilio na kulia naye, na nyumba nzima ikawa msiba.

Simu yangu ikaita. Alikuwa Mtendaji. Nyuma yake niliisikia mashine ya mkandarasi imeshawashwa.

"Shamsia, nataka jibu moja tu. Kijiji au kokoto?"

Nilikuwa na maneno mazuri ya kiofisi tayari, kwamba mnara umehifadhiwa kwa mujibu wa maelekezo. Nilifungua mdomo yakakataa kutoka.

"Nimefiwa," nikamwambia.

Nikasikia akipiga kelele mtu azime mashine. Aliporudi sauti yake ilikuwa imebadilika, kwani yeye naye ni mtu wa pwani.

"Pole sana, dada yangu. Nani?"

"Babu. Tumemzika hapa Fukayosi."

"Inna lillahi. Amefariki lini?"

Nilimtazama bibi yangu pale mkekani, na wale akina mama waliomshika huku na huku.

"Leo," nikasema.